Manenosiri ya Ofisi za Ubalozi Kwenye Kituo cha Kutokea: Uchambuzi wa Kisa cha Tor cha Mwaka 2007

Tarehe 30 Agosti 2007, mshauri kijana wa usalama wa kompyuta kutoka Sweden, Dan Egerstad, alichapisha kwenye tovuti yake orodha ya akaunti 100 za barua pepe, kila akaunti ikiwa na anwani ya seva yake, jina la mtumiaji na nenosiri. Wenye akaunti hizo hawakuwa watu wa kuokotezwa. Zilikuwamo za ofisi za ubalozi wa Iran, India na Uzbekistan, ya ofisi ya uhusiano ya Dalai Lama, kiongozi wa kidini wa Watibeti, na ya shirika la kutetea haki za binadamu la Hong Kong. Gazeti moja la India, likitaka kuhakikisha kwamba orodha hiyo si ya kubuni, lilijaribu mojawapo ya manenosiri hayo, na akaunti ikafunguka. Kwa siku kadhaa Egerstad hakusema aliyapataje, na ilikuwa rahisi kudhani kwamba amegundua kasoro kwenye seva za barua pepe ambayo wengine hawajaiona. Tarehe 10 Septemba alieleza, na maelezo yalikuwa mepesi kupita matarajio: alikuwa ameunganisha kompyuta tano na Tor, mtandao unaoficha mtumiaji wa intaneti anatoka wapi, akazifanya vituo vya kutokea, yaani vya mwisho kupitiwa na data kabla ya kufika inakokwenda, akaweka juu yake programu ya kusoma data inayopita, kisha akasubiri.

Kisa hiki kimezeeka kwa hesabu ya teknolojia, na baadhi ya milango iliyokuwa wazi wakati ule imefungwa. Hata hivyo kinastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua, kwa sababu ndani yake hakuna kitu kilichoharibika. Programu ya Tor ilifanya kazi yake kama ilivyoandikwa, seva za barua pepe zilijibu kama zilivyotakiwa, na Egerstad hakubuni mbinu mpya ya kuvunja usimbaji fiche, yaani kugeuza data isisomeke na asiye na ufunguo. Madhara yote yalitokea pale ambapo kuficha wewe ni nani kunaishia na kuficha unachosema kunapaswa kuanza, na watumiaji wale, wawe nani wawavyo, walidhani kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja.

Njia ambayo data ilipita

Wazo la msingi la Tor lilizaliwa katikati ya miaka ya 1990 katika Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, kwa kazi ya Paul Syverson, Michael Reed na David Goldschlag. Baadaye Roger Dingledine na Nick Mathewson, wakishirikiana na Syverson, waliiandika programu tunayoifahamu leo. Andiko la usanifu wake lilitoka mwaka 2004, na shirika lisilo la kibiashara linaloisimamia, Tor Project, liliundwa Desemba 2006. Kwa hiyo kisa chetu kilitokea wakati mtandao wenyewe bado ni mchanga, lakini tayari una watumiaji wengi kuliko wale wanaosoma maelezo yake.

Programu ya Tor ikiwashwa kwenye kompyuta huchagua vituo vitatu kutoka kwenye orodha ya vituo ambavyo watu wa kujitolea wanaviendesha duniani kote. Data inayotoka kwenye kompyuta hufungwa kwa tabaka tatu za usimbaji fiche, na kila kituo huvua tabaka lake moja. Kituo cha kuingilia huona anwani ya IP ya mtumiaji, yaani namba inayoitambulisha kompyuta yake kwenye intaneti, lakini hakijui anakwenda wapi. Kituo cha kati huwajua majirani zake wawili tu. Kituo cha kutokea huijua seva inayoendewa, lakini hakijui aliyeanzisha safari ni nani. Ulinzi huu hautegemei uaminifu wa kila mwenye kituo; unategemea kwamba ni vigumu vituo vyote vitatu, au angalau cha kwanza na cha mwisho, kuwa mikononi mwa mtu mmoja. Ndiyo maana Tor haihitaji kuchunguza tabia ya anayejitolea, na ndiyo maana kijana mmoja wa Malmö aliweza kuwa na vituo vitano bila kuomba ruhusa kwa yeyote.

Jambo la kushika ni kinachotokea pale tabaka la tatu linapovuliwa. Kuanzia hapo data husafiri hadi kwenye seva jinsi ilivyotoka kwenye programu ya mtumiaji, bila nyongeza na bila pungufu. Haiwezekani iwe vinginevyo, kwa sababu seva ya barua pepe iliyoko upande wa pili haijui lolote kuhusu Tor. Inachongoja ni mazungumzo ya kawaida ya barua pepe, na hayo ndiyo inayopewa. Ikiwa programu ya barua pepe ilisimba mazungumzo yake yenyewe kabla ya kuyakabidhi kwa Tor, mwenye kituo cha kutokea ataona furushi lililofungwa. Ikiwa haikuyasimba, ataona kila herufi.

Sasa tuangalie herufi zenyewe. POP3 ni itifaki, yaani kanuni za mazungumzo kati ya kompyuta, ambayo programu ya barua pepe huitumia kuchukua barua kwenye seva, na katika hali yake ya kawaida hupita kwenye poti (mlango wa seva wenye namba) namba 110 kwa maandishi matupu, yaani yasiyosimbwa. Seva hufungua mazungumzo kwa kusema +OK. Kompyuta ya mtumiaji hujibu kwa mstari unaoanza na USER, ukifuatwa na jina la akaunti, na seva husema tena +OK. Kisha huja mstari unaoanza na PASS, ukifuatwa na nenosiri lenyewe, jinsi lilivyoandikwa na mwenye akaunti siku alipoisajili kwenye kompyuta yake. Baada ya hapo huja STAT ya kuuliza idadi ya barua, LIST ya kuuliza ukubwa wa kila moja, na RETR ya kuivuta. Barua huteremka nzima, pamoja na mtumaji, mpokeaji, tarehe na viambatisho. IMAP, itifaki nyingine ya kusomea barua, inayopita kwenye poti namba 143, ina amri iitwayo LOGIN ambamo jina na nenosiri hukaa kwenye mstari mmoja. Anayesoma katikati ya njia hana haja ya kubahatisha nenosiri. Anahitaji kichujio tu kitakachomtengea mistari hiyo na kuacha mingine ipite.

Egerstad alikuwa na kichujio cha namna hiyo hasa. Programu yake ilishughulika na POP3 na IMAP peke yake, na ndani ya hizo ilitafuta maneno ya Kiingereza yanayohusu serikali, ubalozi, jeshi, vita, ugaidi, pasipoti na viza. Hapa inafaa tusite kidogo, kwa sababu ndipo tunapoelewa kwa nini orodha yake ilijaa wanadiplomasia. Haikuwa kwamba watumiaji wa Tor wa mwaka 2007 walikuwa wanadiplomasia kwa wingi. Ni kwamba wavu ulisukwa kwa ajili ya samaki wa aina moja, na aliyeusuka hakuchapisha waliobaki.

Vituo vitano vilitoshaje?

Msomaji makini atauliza jinsi kompyuta tano, kati ya vituo vyote vilivyokuwapo, zilivyoweza kunasa akaunti nyingi kiasi hicho. Sehemu ya jibu ni kwamba si kila kituo cha Tor hukubali kuwa cha kutokea. Wengi wanaojitolea hukataa nafasi hiyo, kwa sababu lalamiko lolote kuhusu matumizi mabaya humwendea yule ambaye anwani yake ya IP ndiyo inayoonekana mwishoni. Aliye tayari kuichukua, tena akiwa na intaneti ya kasi, hupata sehemu ya data kubwa kuliko idadi ya kompyuta zake inavyoonyesha, kwa kuwa Tor hugawa kazi kwa kufuata uwezo wa kila kituo.

Sehemu kubwa ya jibu, hata hivyo, imo kwenye tabia ya programu ya barua pepe. Mtu anaposoma tovuti kupitia Tor, yeye ndiye anayeamua lini aende wapi. Programu ya barua pepe haimngoji mtu. Ikishawekwa, huenda kwenye seva kila baada ya dakika chache kuuliza kama kuna barua mpya, mwenyewe awepo au asiwepo, na kila inapokwenda husema upya jina na nenosiri. Tor kwa upande wake, kwa mpangilio wake wa kawaida, huacha kutumia njia moja kwa miunganisho mipya baada ya dakika kumi na kuanza nyingine. Tabia hizi mbili zikikutana, nenosiri lile lile hutangazwa mbele ya kituo kipya cha kutokea takriban kila dakika kumi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme mtu mmoja ana vituo vinavyobeba asilimia 1 tu ya data yote inayotoka kwenye mtandao huo. Kwa muunganisho mmoja, uwezekano wa kupita kwake ni asilimia 1, jambo ambalo wengi wangeridhika nalo. Lakini kompyuta inayofanya kazi saa nane kwa siku, ikibadilisha njia kila dakika kumi, hutumia njia 48, na uwezekano wa angalau moja kati ya hizo kupita kwa mtu yule hupanda hadi kama asilimia 38. Baada ya siku tano za kazi ni njia 240, na uwezekano umefika asilimia 91. Kompyuta inayoachwa imewaka usiku na mchana hufikia njia 432 kwa siku tatu, na hapo tunakaribia asilimia 99. Msikilizaji hana haja ya kumwinda mtu fulani. Anayo haja ya kuwa na subira tu.

Hesabu hii huwashangaza watu, kwa kuwa kubadilisha njia mara kwa mara huonekana ni ulinzi. Na kweli ni ulinzi, kwa jambo ililokusudiwa: kituo kimoja cha kutokea kisikae na mtumiaji mmoja muda mrefu kiasi cha kuunganisha shughuli zake za asubuhi na za jioni. Ila kwa siri inayorudiwa bila kubadilika, kila njia mpya ni msikilizaji mpya. Wasanifu wa Tor wanalijua jambo hili vizuri, ndiyo maana kituo cha kuingilia hakibadilishwi ovyo. Mtumiaji hupewa kimoja au vichache na kubaki navyo kwa muda mrefu, kwa kuwa kuvibadilisha kila mara kungempeleka siku moja kwa mtu mbaya. Upande wa kutokea hauwezi kuwekewa kanuni hiyo bila kuvunja lengo jingine. Suluhisho la upande huo liko nje ya Tor, nalo ni usimbaji fiche kutoka kwenye programu ya mtumiaji hadi kwenye seva.

Suluhisho hilo lilikuwapo tayari mwaka 2007. POP3 iliyosimbwa kwenye poti namba 995 na IMAP iliyosimbwa kwenye poti namba 993 zilikuwa zinajulikana na kutumika. Onyo nalo lilikuwapo. Andiko la usanifu la mwaka 2004 linataja wazi mambo ambayo Tor haikukusudia kuyafanya, na mojawapo ni kusafisha au kurekebisha maudhui ya itifaki zinazopita ndani yake. Kwa maneno mengine, Tor haiangalii unachosema. Kama umeandika jina lako ndani ya ujumbe, jina hilo litafika salama. Binafsi naona hapa ndipo penye kiini cha kisa hiki chote. Kuingia kwenye akaunti ni kujitambulisha, na programu inayoficha anwani haina njia ya kujua kwamba mstari inaoubeba ni utambulisho.

Ni nani waliokuwa wakiingia?

Maelezo yaliyoenea haraka ni kwamba wafanyakazi wa ubalozi waliitumia Tor bila kuielewa. Inawezekana. Ofisa aliyeko ugenini, anayejua kwamba mtoa huduma wa intaneti wa nchi aliyomo anaweza kuwa anasikiliza, ana sababu nzuri ya kutafuta njia ya kupita bila kuonekana, na akiambiwa kwamba Tor husimba data, atadhani kazi imekwisha. Na kwa kipande cha kwanza cha safari angekuwa sahihi: mtoa huduma wa pale alipo asingeliona nenosiri lake. Amemkwepa msikilizaji mmoja anayemfahamu na kujikabidhi kwa wasikilizaji wengi asiowafahamu, ambao baadhi yao huenda wana nia nzuri na baadhi hawana.

Lakini kuna maelezo ya pili, na Egerstad mwenyewe baadaye aliegemea upande huo. Huenda waliokuwa wakiingia hawakuwa wenye akaunti hata kidogo. Huenda walikuwa watu waliokwisha kuyaiba manenosiri hayo kwa njia nyingine, wakawa wanazisoma barua za ofisi hizo kila siku, na wakatumia Tor ili seva zisionyeshe wanatoka wapi. Kwa maelezo haya, kijana wa Sweden hakuwanasa wanadiplomasia. Aliwanasa wapelelezi wakiwa kazini, bila wao kujua na bila yeye kujua ni akina nani.

Ushahidi unaelemea wapi? Kundi la wenye akaunti lina mchanganyiko wa kutia shaka: ofisi za nchi zisizo na sera moja ya teknolojia, ofisi inayomhusu Dalai Lama, na watetezi wa haki wa Hong Kong. Ni vigumu kueleza kwa nini wote hawa, kila mmoja kwa wakati wake, waamue kupitisha barua zao za kazi kwenye Tor bila usimbaji fiche. Ni rahisi zaidi kueleza kwa nini mpelelezi mmoja, au kundi moja, awe na hamu na wote hao kwa pamoja. Machi 2009 watafiti waliokuwa na makao yao Toronto walichapisha ripoti kuhusu mtandao wa upelelezi walioupa jina GhostNet, ulioingia kwenye kompyuta 1,295 katika nchi 103, zikiwamo za ofisi za ubalozi, wizara za mambo ya nje na ofisi za Dalai Lama. Ripoti hiyo haithibitishi kwamba kisa cha 2007 ni kazi ya mikono ile ile, na nisingependa msomaji alichukue hivyo. Inachothibitisha ni kwamba ofisi za aina hii zilikuwa zinaingiliwa kimyakimya katika miaka hiyo, na hivyo maelezo ya pili si ndoto.

Kinachovutia kwa mchambuzi ni kwamba Egerstad, pamoja na kushika manenosiri na barua mkononi, hakuweza kulijibu swali hili kutoka mahali alipokuwa. Kituo cha kutokea hakimwoni aliyeanzisha safari. Awe balozi ofisini kwake au mwizi katika bara jingine, mistari ya USER na PASS ni ile ile. Tor iliwalinda watumiaji wale, wezi au wenyewe, kwa ukamilifu; aliyesoma barua zao zote hakuweza kusema wamekaa wapi.

Mwenendo wa msikilizaji

Kuhusu alichokifanya Egerstad, hukumu yangu ina pande mbili na hazilingani uzito. Kuendesha kituo cha kutokea na kusoma yanayopita ni kuvunja imani ambayo mtandao mzima umejengwa juu yake, na miongozo wanayopewa wanaojitolea huwaonya wasifanye hivyo, kwa sababu za kisheria na za kimaadili. Kuchapisha manenosiri yanayofanya kazi ni hatua mbaya zaidi: tangu dakika ile akaunti hizo zilikuwa wazi kwa kila mwenye intaneti, na waliokuwa wakiandikiana na ofisi hizo, wakiwamo pengine watu ambao usalama wao ulitegemea usiri, hawakuulizwa lolote. Alijitetea kwamba wahusika wasingemsikiliza kama angewaandikia mmoja mmoja. Utetezi huo si wa kipuuzi, lakini ulihitaji kujaribiwa kwanza. Novemba 2007 polisi wa Sweden walifika nyumbani kwake Malmö, wakachukua kompyuta zake, wakamhoji na kumwachia.

Upande wa pili ni kwamba aliyejulikana ni huyu aliyejitangaza. Kazi ile ile ingeweza kufanywa na yeyote mwenye kompyuta na intaneti nzuri, na asiyetaka sifa asingechapisha chochote. Ukaguzi wa vituo unaofanywa na wasimamizi wa Tor huwanasa wanaobadilisha data, kwa kuwa mabadiliko huonekana yakilinganishwa na asili, na kituo kinachobainika huwekewa alama ya kuwafanya watumiaji wasikichague tena. Anayesikiliza tu bila kubadilisha hana alama anayoiacha njiani.

Kilichobadilika, na kisichobadilika

Mabadiliko makubwa hayakuja kutoka kwenye Tor bali kutoka kwenye intaneti kwa jumla. Januari 2010 Gmail ilifanya usimbaji fiche kuwa hali ya kawaida kwa kila mtumiaji, na kadiri miaka ilivyokwenda tovuti nyingi zikahamia HTTPS, mawasiliano ya tovuti yaliyosimbwa. Mwaka 2018 wahandisi wa viwango vya intaneti walitamka rasmi kwamba kuchukua barua kwa maandishi matupu kumepitwa na wakati. Programu ya Tor yenyewe iliongezewa onyo: mtumiaji akijaribu kufikia poti namba 23, 109, 110 au 143, ambazo kwa kawaida hubeba manenosiri yasiyosimbwa, huandika tahadhari kwenye kumbukumbu zake. Tangu toleo la 11.5 la Julai 2022, kivinjari cha Tor hukataa kufungua tovuti bila HTTPS mpaka mtumiaji aridhie mwenyewe.

Hatari haikwisha; ilibadilisha umbo. Agosti 2020 ilitolewa taarifa kuhusu kundi moja ambalo miezi michache kabla lilikuwa likishika zaidi ya asilimia 23 ya uwezo wote wa kutokea wa Tor. Kundi hilo halikuridhika na kusikiliza. Lilikuwa likiwarudisha watumiaji kutoka HTTPS hadi mawasiliano yasiyosimbwa, hasa kwenye tovuti za sarafu za kidijitali, kisha likibadilisha anwani za malipo. Asilimia 1 ya mfano wetu hapo juu inaonekana ni ya upole mno ikilinganishwa na kiwango hicho.

Kuna jambo jingine ambalo kisa cha 2007 kinalitabiri, nalo linawahusu wale wanaopitisha data ya kompyuta nzima kwenye Tor badala ya kivinjari peke yake. Tails, mfumo wa kuendeshea kompyuta, hufanya hivyo kwa kuzuia muunganisho wowote usiopita Tor. Whonix, mfumo mwingine, hutenganisha kompyuta ya kazi na kompyuta ya lango inayopitisha data kwenye Tor, zote mbili zikiigizwa na programu ndani ya mashine moja. Programu ya Orbot hufanya kazi inayofanana na hiyo kwenye simu. Faida yake ni kubwa: hakuna programu inayoweza kuponyoka na kuonyesha anwani halisi, hata ulizo dogo la kutafuta jina la tovuti. Gharama yake haionekani kwa haraka. Kompyuta ya kawaida, iliyojaa akaunti za mwenyewe, ikielekezwa yote kwenye Tor, hupeleka huko kila kitu kinachofanya kazi chinichini: barua pepe, kalenda, hifadhi ya mafaili, programu za ujumbe. Kila mojawapo hubisha hodi kwa jina la mwenyewe. Hata kama zote zimesimbwa, kituo cha kutokea bado huona seva zinazoendewa, na kama njia moja inabeba barua pepe ya ofisi yenye seva yake yenyewe pamoja na ziara ya siri kwenye tovuti fulani, kituo hicho kimepewa uhusiano ambao mtumiaji alikuwa anaukwepa. Ndiyo sababu Tails huanza kila mara ikiwa tupu, na maelezo yake huwashauri watumiaji wasichanganye shughuli za majina tofauti katika kikao kimoja. Ndiyo sababu pia kivinjari cha Tor hutenga njia kwa kila tovuti inayofunguliwa. Kuielekeza kompyuta ya kila siku kwenye Tor bila kuzima kwanza kinachojituma chenyewe ni kurudia mpangilio uliozinasa akaunti za 2007, kasoro maandishi matupu.

Swali ambalo kumbukumbu za seva zingelijibu

Tukirudi kwenye swali la nani, palikuwa na mahali pamoja ambapo lingeweza kujibiwa, napo ni kwenye kumbukumbu za seva za ofisi zenyewe. Orodha ya vituo vya Tor si siri. Kila programu ya Tor huipakua ili iweze kuchagua njia. Msimamizi wa seva ya ubalozi, asubuhi ile orodha ilipotoka, alichohitaji ni kuchukua anwani zote za IP zilizoingia kwenye akaunti iliyotajwa na kuzilinganisha na anwani za vituo vya kutokea vya siku hizo.

Kama angekuta kwamba akaunti ile ilifunguliwa kupitia Tor tu, saa za kazi tu, na kwamba pale Tor ilipokoma hakuna aliyeisoma, basi mtumiaji ni mfanyakazi wake, na kazi iliyobaki ni kubadilisha nenosiri, kufunga poti 110 na 143, na kumfundisha. Kama angekuta mikondo miwili, mmoja kutoka anwani ya ofisi na mwingine kutoka vituo vya Tor, ikipishana au kukutana saa zile zile, huku wa pili ukiendelea hata siku za mapumziko, basi kuna mgeni. Dalili nyingine ingekuwa kwenye amri ya DELE, ambayo programu nyingi za POP3 huituma kuifuta barua kwenye seva baada ya kuichukua: msomaji asiyetaka kugundulika haifuti, huacha kila kitu mahali pake ili mwenyewe naye akikute. Dalili hii peke yake haitoshi, kwa kuwa hata mwenye akaunti anaweza kuiweka programu yake iache nakala, lakini ikiambatana na mikondo miwili huwa na uzito.

Na kama ni mgeni, kubadilisha nenosiri hakumalizi kazi. Nenosiri lilivuja mahali fulani kabla halijafika kwenye kituo chochote cha Tor, na mahali penyewe yaelekea ni kwenye kompyuta ya mfanyakazi, ambayo italivujisha na jipya mara atakapoliandika. Ukaguzi unaanzia hapo: kompyuta hiyo iondolewe kwenye mtandao, nenosiri jipya liwekwe kutoka kwenye mashine nyingine, na barua za miezi iliyotangulia zihesabiwe kuwa zimesomwa.